Mwalimu mkuu mpya kwenye shule ya Kikristo ya kiklasiki: kaa darasa la 3 kwanza

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania wa Kilimanjaro, nina miaka 46. Nilifundisha hisabati sekondari nyumbani kwa miaka 9, kisha shule za serikali hapa Texas kwa miaka 11. Sasa bodi ya shule moja ya Kikristo ya kiklasiki, inayofundisha Kilatini na vitabu vya kale, yenye wanafunzi kama 210 kuanzia chekechea hadi darasa la 12, imenichagua niwe mwalimu mkuu. Naanza tarehe 1 Julai. Kabla yangu wamepita watatu katika miaka 8. Wazazi wameshaanza kuniuliza nina maono gani. Kilatini sijui zaidi ya maneno ya kwaya. Mimi ni Mlutheri, na shule ina watu wa madhehebu mengi. Nianzie wapi? Niache kufundisha? Na mimi mtoto wa Kichaga nitasimamaje mbele ya watu hawa kama mlinzi wa urithi wa Wagiriki na Warumi? Nyongeza: wazazi wawili wamenipigia simu kuuliza msimamo wangu kuhusu herufi V. Sikuwaelewa.

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na hongera. Nimeongoza shule mbili za namna hiyo huku Marekani, ya kwanza kwa miaka 3 ya taabu na ya pili kwa miaka 12. Siku hizi huitwa na bodi pale mwalimu mkuu anapoingia, au anapoondoka akiwa amenuna.

Katika barua yako kuna sentensi fupi iliyonishtua kuliko maswali yote: watatu katika miaka 8. Ungenunua gari lililopita mikono mitatu kwa muda huo, ungemwita fundi kabla ya kuliwasha. Watafute hao watatu. Wapigie simu wote, hata yule ambaye bodi inasema aliondoka kwa sababu za kifamilia. Usiwaulize nani alikosea, maana utapewa majina, nawe utaingia kazini na maadui ambao hujawahi kuwaona. Waulize hili tu: wiki uliyoamua kuondoka, bodi ilikuwa inajadili nini? Nimeliuliza mara nyingi, na majibu karibu yote huwa madogo ya kuchekesha. Rangi ya soksi za sare. Orodha ya vitabu vya likizo ndefu. Mwalimu wa muziki ambaye mke wa mjumbe fulani hampendi.

Hapo ndipo uzoefu wa nyumbani utakapokudanganya. Shule ya serikali kwetu, barua ya uteuzi inatoka juu, na bodi ya shule inakaa mara chache kwa mwaka, inasomewa taarifa, inashauri, inakunywa soda, inatawanyika. Huku bodi ndiyo mwajiri wako, na inaweza kukuachisha kazi Jumanne jioni. Utaratibu ukikaa sawa, bodi inaajiri mtu mmoja tu, naye ni wewe. Walimu, mhasibu na mlinzi wa geti unawajibika nao wewe. Lakini shule nyingi za aina hii zilianzishwa na wazazi wachache kwenye chumba cha chini cha kanisa, na mjumbe wa bodi ni yule yule baba wa mtoto wa darasa la 4, mume wa mwalimu wa sanaa, tena ndiye aliyepaka rangi ukuta wa korido kwa mikono yake. Mtu kama huyo akimpigia simu mwalimu usiku kuuliza alama za mwanawe, haoni kwamba amevuka mpaka. Anaona yuko nyumbani kwake, na kwa namna fulani ni kweli.

Kwa hiyo kabla ya tarehe 1 Julai omba karatasi moja yenye sahihi ya mwenyekiti. Ionyeshe maamuzi yapi ni yako na yapi ni ya bodi, na malalamiko yapite njia gani: mzazi kwa mwalimu, kisha kwako, kisha kwa mwenyekiti, bila kuruka ngazi. Kama wanakataa kuiandika, utakuwa umejifunza kwa bei rahisi kile ambacho wale watatu walikilipia kwa kazi zao.

Sasa maono. Nitakuwa mkali kidogo hapa. Usiwape maono. Hiyo ni lugha ya makampuni, na shule iliyobadili viongozi watatu imeshapewa maono matatu, yote yamo kwenye faili. Urithi unaokabidhiwa umeshakuwepo kwa karne nyingi. Kinachokosekana, nakubashiria, ni mtu mzima mwenye cheo anayeonekana akiusoma.

Nitakusimulia kosa langu ili ulione. Shule ya kwanza niliyoiongoza ilianza kila siku kwa dakika 20 za kuimba zaburi, watoto wote na walimu wote, bila kinanda. Mimi, mtu wa ratiba, niliona dakika 20 mara siku 5, nikapiga hesabu, nikazihamishia kwenye hisabati na kuacha zaburi Ijumaa peke yake. Nilifanya hivyo mwezi wangu wa kwanza. Hakuna aliyenijia juu. Waamerika wa makanisani wana upole wa kutisha, wanakutabasamia. Ilipofika Februari, msimu wa wazazi kuthibitisha kama watoto watarudi mwaka unaofuata, familia 11 hazikurudisha fomu. Nikaja kuambiwa na mpishi, wala si na bodi, kwamba zile dakika 20 ndizo zilizokuwepo kabla ya shule. Familia nne zilikuwa zikikutana kuimba asubuhi, na shule ikazaliwa pembeni ya kuimba. Nilizirudisha zaburi. Familia 11 hazikurudi.

Ndiyo maana nakwambia mwaka wa kwanza usibadilishe kitu isipokuwa kinachomdhuru mtoto. Mwalimu anayedhalilisha watoto mwondoe hata kama ni wiki ya pili. Mlango usiofungika, dereva asiyekaguliwa, kijana wa darasa la 9 anayeonewa chooni: hayo hayangoji. Mengine yote yaandike kwenye daftari na uyaache yalale humo miezi 12. Utashangaa mangapi yatakuwa yamejijibu yenyewe.

Na miezi hiyo ufanye nini? Kaa darasani. Simaanishi ule ukaguzi wa kusimama nyuma na kishikwambi. Nenda darasa la 3, kwenye kipindi cha Kilatini, chukua kiti kidogo, fungua daftari na ujifunze nao, mara nne kwa wiki kama ratiba inaruhusu. Fanya majaribio yao, na alama zako zibandikwe ukutani pamoja na zao. Nimewaambia hivi walimu wakuu wengi na wengi wamecheka. Wawili walinisikiliza, na hadi leo wako kazini.

Tena wewe Mswahili una faida ambayo hujaijua. Mtoto wa Texas anateseka kuelewa kwa nini sifa ibadilike kufuata jina: liber magnus, lakini libri magni. Kwako ni kitabu kikubwa, vitabu vikubwa. Upatanisho wa ngeli umekulea tangu hujaota meno. Wanaimba amo, amas, amat mpaka sauti zinakauka, na hawajui kwa nini neno moja limebeba mtu na tendo. Waandikie ubaoni napenda, unapenda, anapenda, waonyeshe kwamba sisi tunaweka mtendaji kichwani mwa kitenzi na Warumi walimweka mkiani. Nilifanya hivyo mara moja nikiwa nimeazimwa kipindi, na mtoto mmoja akauliza kwa mshangao kama Waswahili ni Warumi waliosoma kwa kioo. Sijapata kusikia maelezo bora.

Unapaswa pia kujua wimbi hili la shule limetoka wapi, kwa sababu utakuta watu wanalizungumza kama limeshuka Sinai. Mwaka 1947 Dorothy Sayers, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa hadithi za upelelezi, alisoma hotuba pale Oxford. Alilalamika kwamba watoto wanafundishwa masomo lakini hawafundishwi kufikiri, akapendekeza turudi kwenye zile sanaa tatu za zama za kati. Kisha akazioanisha na umri: mtoto mdogo ni kasuku, hupenda kukariri, akifika kama miaka 12 anakuwa mjuvi, hupenda kubishana, baadaye anakuwa mshairi, hutaka kusema yaliyo moyoni. Hotuba ilikaa miongo kadhaa bila kishindo. Halafu, karibu wakati mmoja, zikazuka shule tatu Marekani: moja Topeka, Kansas, mwaka 1980, na mbili mwaka 1981, South Bend huko Indiana na Moscow huko Idaho. Leo ziko mamia nchi nzima. Na upepo umevuka bahari pia: shirika la Rafiki Foundation la Marekani lina vijiji vyenye shule za mkondo huu katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo.

Sayers mwenyewe alikiri waziwazi kwamba uzoefu wake wa kufundisha ni mdogo sana, na kwamba hatua zile tatu alizipata kwa kujikumbuka utotoni. Alikuwa anachokoza wasomi, na mpango wake uliishia kwenye miaka 16. Waliomfuata wakauvuta kama mpira ukaenea chekechea hadi darasa la 12, na sasa utakutana na mwalimu atakayekuambia mtoto wa darasa la 2 asiulizwe kwa nini, kwani bado ni kasuku. Wewe umefundisha hisabati miaka 20. Unamjua mtoto anayeimba jedwali la 7 vizuri na hawezi kugawa machungwa. Msikilize mwalimu huyo kwa heshima, kisha muulize watoto wake wa nyumbani waliacha lini kuuliza kwa nini.

Sanaa zenyewe zinaitwa triviamu, njia tatu. Vitabu vyao vimejaa maelezo marefu ya majina hayo matatu, lakini sisi tunayo tayari: sarufi, mantiki, na balagha, yaani ufundi wa kusema ukashawishi. Jiulize Kiswahili kiliyatoa wapi maneno haya. Kimeyapata kwa Kiarabu, na katika vyuo vya Lamu na Unguja mashehe walifundisha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, mantiki na balagha. Mantiki ya Aristotle ilisafiri pande zote mbili: kwa Kilatini hadi vyuo vya Paris, na kwa Kiarabu, baada ya kutafsiriwa Baghdad, hadi pwani yetu. Kwa hiyo unapoingia shule hiyo huingii nyumba ya kigeni kabisa. Umeingilia mlango mwingine wa nyumba ambayo bibi zako wa pwani waliijua, ingawa wewe ni wa mlimani.

Hapo nimegusa swali lako gumu, na sitaki kulipita haraka.

Utakuta watu wanaosema "urithi wetu wa Magharibi" na wanaosema hivyo kwa nia njema, na wachache ambao nia yao si njema. Huna haja ya kubishana na neno. Soma majina. Terentius, ambaye vichekesho vyake vilitumika kufundishia watoto Kilatini kwa zaidi ya miaka 1,000, aliitwa Afer, Mwafrika, na inasimuliwa kwamba alizaliwa Carthage, karibu na Tunis ya leo, akaletwa Roma mtumwa. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, akafundisha balagha Carthage kabla ya kufika Italia. Euclid, bingwa wa jiometria, alifundisha Alexandria, Misri. Usiwageuze kuwa Wachaga, tafadhali. Walikuwa watu wa pwani ya Mediterania na mambo yao. Lakini ramani ya urithi huo ina bahari katikati na Afrika upande mmoja, na anayeichora bila Afrika amekosea jiografia kabla hajakosea siasa.

Na kuna mtu ningependa umjue kuliko hao wote. Anna Julia Cooper alizaliwa mtumwa Raleigh, North Carolina, mwaka 1858. Akasoma Kilatini, Kigiriki na hisabati, na mwaka 1902 akawa mkuu wa shule ya sekondari ya M Street mjini Washington, shule ya watoto weusi. Wakati huo wenye fedha na vyeo wengi walitaka watoto weusi wafundishwe useremala na upishi basi. Cooper akashikilia Kilatini, na wanafunzi wake wakaingia vyuo kama Harvard. Bodi ya elimu ikamwandama, na mwaka 1906 hakuteuliwa tena. Akaondoka, akarudi mwaka 1910 kama mwalimu wa kawaida wa Kilatini kwenye shule ile ile. Mwaka 1925, akiwa na miaka 66, akapata udaktari wa chuo cha Sorbonne, Paris. Alifariki 1964 akiwa na miaka 105. Picha yake ikiwa ukutani mwa ofisi yako, maswali mengi hayataulizwa, na yatakayoulizwa yatakuwa mazuri.

Lipo jambo chungu pia, afadhali ulisikie kwangu. Douglas Wilson, aliyeanzisha ile shule ya Idaho na kuwa sauti kubwa ya wimbi hili, mwaka 1996 alishirikiana na mwenzake kuandika kijitabu kilichopamba utumwa wa Kusini mwa Marekani. Wanahistoria walikipinga vikali. Shule nyingi hazina uhusiano naye na nyingine zinamkataa hadharani. Hata hivyo mzazi mweusi, au mwandishi wa gazeti la mji, atakuuliza siku moja shule yenu inasimama wapi. Wewe waulize bodi kwanza, mapema, kwa sauti tulivu, mezani. Jibu lao liwe lenye maneno machache. Likirefuka, una habari.

Kuhusu kufundisha: usiache. Chukua darasa moja. Katika Kiingereza shule hizi hung'ang'ania cheo cha kizamani, headmaster, ambacho ndani yake mna neno la Kilatini magister, yaani mwalimu. Kwa hiyo tafsiri ya nyumbani ni sahihi kuliko wanavyodhani: wewe ni mwalimu mkuu, mwalimu kwanza, mkuu baadaye.

Na ulete hisabati yako. Shule hizi kwa kawaida zina fasihi nzito na Kilatini kizuri, lakini ukifungua mlango wa hisabati unakuta kitabu kile kile cha shule ya jirani. Wamesahau kwamba baada ya njia tatu zilikuwepo nne: hesabu, jiometria, muziki na falaki. Wape darasa la 9 bikari, rula isiyo na alama na ukurasa mtupu, waanze na pendekezo la kwanza la Euclid, kujenga pembetatu yenye pande sawa juu ya mstari uliopewa. Wasiendelee mpaka kila mmoja asimame athibitishe kwa mdomo. Hapo mantiki na balagha zinakuwa jasho. Siku ya jua kali watoe nje na kijiti wapime kivuli kama Eratosthenes. Yeye alijua kwamba Syene, Aswan ya leo, jua la mchana wa siku ndefu kuliko zote linafika chini ya kisima, ilhali Alexandria siku hiyo kivuli kinaonyesha pembe ya kama nyuzi 7.2. Hiyo ni sehemu 1 ya 50 ya duara, na kati ya miji hiyo kuna stadia 5,000, kipimo cha urefu cha Wagiriki. Mzunguko wa dunia ni 250,000. Mtafute mwalimu mwenzako wa zamani aliye Tanzania, akubali kupima kivuli chake saa yake ya mchana wa siku hiyo hiyo, na watoto wa Texas, wakitumia umbali wa kaskazini hadi kusini tu, wapige hesabu ya dunia nzima kwa vijiti viwili. Watakuwa wanaisimulia siku ya mahafali.

Kuna na hili, dogo. Wakifika kwenye tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na watafika, wasomee hotuba ya Antony kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, akiwa rais. Hawataelewa neno. Wasikilize tu mawimbi, kisha waulize ni wapi walihisi kejeli. Watapapata.

Fedha nitazipita haraka maana nyingi zinajulikana. Omba hesabu za miaka 3. Kama shule imesajiliwa kivyake bila kivuli cha kanisa, fomu ya kodi namba 990 iko wazi kwa umma. Isome kabla hujaisomewa. Angalia ada inafunika sehemu gani ya gharama na pengo linazibwa na nani, kwa sababu mtu mmoja akiliziba pengo lote, huyo ni mjumbe wa bodi hata kama hakai mezani. Texas ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuzipa familia fedha za umma kwa shule binafsi, bajeti ya kuanzia dola bilioni 1, kiasi cha dola 10,000 kwa mtoto, kuanzia mwaka wa masomo 2026–27. Wazazi watagawanyika: nusu watasema ni mkombozi, nusu watasema ni kamba ya serikali shingoni. Bodi iamue, wewe utekeleze; usiwe wa kwanza kuwa na maoni. Ukichoka na malipo yanayochelewa, mkumbuke Augustino: aliihama Carthage akikimbia wanafunzi wakorofi, akaenda Roma ambako walikuwa na adabu nzuri hadi siku ya kulipa ada ikaribie, kisha wanahamia kwa mwalimu mwingine kwa mkupuo.

Imani yako ya Kilutheri haitakuwa tatizo ukisaini tamko la imani kwa dhamiri safi na kuyarudisha ya ubatizo na meza ya Bwana nyumbani kwa kila familia, kama shule nyingi zinavyofanya. Tena huna sababu ya kujisikia mgeni. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule, akawaambia lugha za kale ni ala ambamo upanga wa Roho umefutikwa. Wapresbiteri watafurahi ukiwakumbusha, watajifanya hawakushangaa.

Na siku ile ya kwanza ya wazazi, watakapokuuliza tena maono, nadhani kuna neno moja unaloweza kuwapa. Wao wanapenda sana neno la Kigiriki paideia, lililomo kwenye Waefeso 6:4, na wanatumia kurasa kulieleza. Biblia yetu ya Union inasema: "waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Adabu. Waeleze kwamba kwetu mtoto akiambiwa hana adabu, aliyetukanwa si mtoto, ni nyumba nzima na jirani aliyemwona akakaa kimya. Waambie ndiyo maana watakuona darasa la 3 ukinyoosha mkono. Adabu hiyo isiwe fimbo, uwe wazi tangu siku hiyo; wapo watakaotumaini Mwafrika ameleta kiboko. Kenya ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na Quintilian, mwalimu wa balagha pale Roma katika karne ya kwanza, aliandika kwamba kupiga wanafunzi ni aibu na kunawafaa watumwa. Wapenda mambo ya kale hawana pa kupenya hapo.

Herufi V sasa. Kuna matamshi mawili ya Kilatini. Ya kanisa, yaliyotoka Italia, yanasema V kama tunavyosema sisi, na C mbele ya I ni ch: veni, vidi, vichi. Ya wasomi, yanayojaribu kurudia masikio ya zama za Caesar, yanasema V kama W na C daima ni K: weni, widi, wiki. Shule huchagua moja, na familia huchukua upande kama Simba na Yanga. Kinachowaumiza watoto ni kubadilishiwa darasa la 7 wakiwa wameshazoea, basi. Hao wazazi wawili wakipiga tena, usiseme unapenda lipi. Waambie wamuulize mwalimu wa Kilatini, na wasiporidhika ndipo warudi kwako, kisha ukate simu kwa upole. Itakuwa mara ya kwanza ile karatasi ya mwenyekiti kufanya kazi, na heri ianze na herufi moja kuliko na mtoto wa mtu.

Mimi husema weni, widi, wiki. Lakini hilo libaki kati yetu.